Nilivyojifunza kuandika programu nikiwa karani wa zabibu Hombolo

Nilianza kujifunza kuandika programu za kompyuta nikiwa na umri wa miaka 36, nikiwa na elimu ya kidato cha nne na cheti cha utunzaji wa hesabu, na nikiwa sijawahi kusoma somo lolote la kompyuta. Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, hapa Dodoma. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, msimu mmoja ukiangukia Februari na Machi na mwingine Agosti na Septemba, na katika wiki hizo karani hana usingizi. Zabibu haisubiri kama mahindi yanavyosubiri ghalani. Gari la mnunuzi likifika, kreti hupimwa mfululizo tangu asubuhi, na kabla jua halijazama kila mkulima anataka kujua ana kilo ngapi na stahili yake ni shilingi ngapi. Nilifanya kazi hiyo kwa daftari na kikokotoo kwa miaka saba. Nilitaka kompyuta inisaidie kujumlisha, na sikuwa na ndoto kubwa zaidi ya hiyo. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye kazi kama yangu ambaye anafikiria kuanza, ili ajue mapema mahali nilipopoteza fedha, muda na, kwa kipindi fulani, imani ya watu.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijagusa kibodi. Nililipa shilingi 250,000 kwa mafunzo ya miezi mitatu katika kituo kimoja mjini, kwa sababu tangazo lao lilisema watafundisha programu za kompyuta. Mimi nilielewa kwamba nitafundishwa kuziandika. Wao walimaanisha kuzitumia: kuchapa barua kwa Word, kupanga jedwali, kutuma barua pepe. Siwezi kusema walinidanganya, maana neno letu programu linabeba maana zote mbili na mimi sikuuliza. Ningeuliza swali moja tu, yaani mwanafunzi akimaliza anakuwa ametengeneza nini kwa mkono wake, ningejua siku ileile. Nauli ya kutoka Hombolo hadi mjini, mara tatu kwa wiki, iliongeza gharama ambayo sikuwa nimeipangia.

Baada ya hapo nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika kwa shilingi 480,000. Betri yake ilikaa dakika arobaini. Kwa kujifunza, mashine ya kawaida ya namna hiyo inatosha kabisa, kwa hiyo asiyekuwa na uwezo wa kununua mpya asijizuie. Lakini akague betri na chaja mbele ya muuzaji, aiwashe na kuiacha iwake kwa muda, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi.

Kisha ikafuata miezi mitano ambayo ningependa nirudishiwe. Kila nilipomaliza kazi nilinunua bando na kutazama video za masomo kwenye simu, na kila aliyenisikia alikuwa na ushauri wake: huyu akasema nianze na Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, yule akasema PHP ndiyo inayotumika kwenye tovuti, mwingine akasema JavaScript. Nilianza zote tatu, na hakuna hata moja niliyofika nayo mbali. Video hizo zilikuwa nzuri, na nilipokuwa nikizitazama nilielewa kila kitu, ndiyo sababu sikugundua tatizo mapema. Kumwona fundi akijenga ukuta, ukaelewa kwa nini anaweka tofali hili hapa na lile pale, hakukufanyi uweze kuusimamisha wako. Siku niliyofungua kompyuta bila video mbele yangu, sikuweza kuandika mistari miwili. Nilikaa nikautazama ukurasa mtupu, na nakumbuka nililia, kwa kuwa nilikuwa nimetumia kati ya shilingi 20,000 na 30,000 za bando kila mwezi kutoka kwenye fedha ya nyumbani.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyekuja likizo kwa wazazi wake jirani na kwetu. Hakunifundisha somo. Aliniuliza, «Dada, kazi yako wewe ni ipi hasa unayotaka mashine iifanye?» Nikamweleza habari ya kreti na mizani. Akasema basi nichague lugha moja, nisiiache hadi kazi hiyo iishe, na akapendekeza Python, lugha iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kwa sababu ni ya bure, haili nafasi kubwa, na mistari yake ni michache kwa mtu anayeanza. Sidai kwamba ni bora kuliko nyingine. Nadhani ningefika hata kwa PHP, kama ningebaki nayo.

Makosa ya wiki zile za mwanzo nitayaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayowakatisha watu tamaa, na karibu yote hayahusiani na akili ya mtu.

Niliandika programu zangu za kwanza ndani ya Word, kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa kule kituoni. Kila nilichoandika kilikataa. Nililinganisha na kitabu herufi kwa herufi, nikaona viko sawa, na vikaendelea kukataa. Siku ya tatu ndipo yule kijana alipoona: Word hukunja alama za kunukuu ili zipendeze kwenye barua, na Python haizitambui zile zilizopinda, inataka zilizonyooka. Tena Word hugeuza herufi ya kwanza ya sentensi kuwa kubwa, kwa hiyo neno print nililoandika lilikuwa limegeuka Print, na kwa Python hayo ni maneno mawili tofauti. Programu huandikwa kwenye kihariri cha maandishi matupu, kisichopamba kitu. Python inapowekwa kwenye kompyuta ya Windows huja na kihariri chake kidogo kiitwacho IDLE, na hicho kinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Kosa la pili lilitokana na namna tunavyoandika fedha. Bei ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili kwa kilo, nami nikaiandika kama ninavyoiandika kwenye daftari siku zote, 1,200, kwa mkato. Python haikulalamika. Nilipozidisha bei hiyo kwa kilo 38, skrini ilijaa moja na mia mbili, moja na mia mbili, zimejipanga mara thelathini na nane. Mkato katika lugha ile hutenganisha vitu, kwa hiyo mashine ilielewa kwamba nimeipa namba mbili, 1 na 200, na kuzidisha kwa 38 ikaona ni kuzirudia. Fedha huandikwa 1200, bila mkato.

Kosa la tatu lilinifundisha zaidi. Nilitengeneza programu inayoniuliza uzito wa kreti ya kwanza, kisha wa kreti ya pili, halafu inajumlisha. Niliingiza 45, nikaingiza 38. Ikanijibu 4538. Niliitazama namba ile kwa muda mrefu. Kreti mbili haziwezi kuwa na tani nne na nusu. Nilikuja kuelewa kwamba chochote unachokichapa kwenye kibodi hupokewa kwanza kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu, moja nyuma ya jingine, kama mtu anayebandika karatasi mbili. Lazima uiambie mashine kwa neno int (namba kamili) au float (namba yenye desimali) kwamba hii ni namba. Nilipofanya hivyo ikanijibu 83, nikafungua daftari la msimu uliopita, nikatafuta mstari wa kreti zile mbili, nao ulisema 83. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na nilimwamsha mume wangu nimwonyeshe.

Kuhusu Kiingereza, nilikiogopa kuliko hesabu, na hofu hiyo ilinifanya nisisome ujumbe wa kosa unapotokea. Nilipoona maandishi mekundu nilifuta kila kitu na kuanza upya. Nilipompigia simu yule kijana na kumwambia imegoma, alinijibu kwa upole lakini kwa msimamo: «Dada, usiniambie imegoma. Nisomee mstari wa mwisho unasema nini.» Katika Python, mstari wa mwisho wa ujumbe ndio unaotaja aina ya kosa, na mistari iliyo juu yake hutaja namba ya mstari wa programu lilipotokea. Nikatenga daftari dogo la shule. Kila kosa jipya niliandika jina lake, maana yake kwa Kiswahili changu mwenyewe, na lililolisababisha: NameError, umetaja jina ambalo hukulitambulisha au umelikosea herufi, ValueError, umeipa mashine kitu cha aina inayofaa lakini ndani yake kuna thamani isiyogeuzika, IndentationError, mistari ya ndani haijaingizwa kwa nafasi zinazolingana. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa na makosa kumi na manane, na karibu kila lililonipata baadaye lilikuwa mojawapo ya hayo. Maneno ya Kiingereza yanayohitajika ni machache kuliko nilivyodhani, na yanajirudia.

Kadiri programu ilivyokua, niligundua jambo ambalo hakuna video iliyonieleza. Ugumu ulikuwa umehama kutoka kwenye lugha ya kompyuta hadi kwenye kazi yangu mwenyewe, kazi niliyokuwa nikiifanya kwa miaka saba na kudhani naijua. Mashine haina mazoea. Kwa mfano, tunapopima zabibu tunatoa uzito wa kreti tupu, na mkono wangu ulitoa kilo mbili bila mimi kufikiri. Lakini kreti za mnunuzi mmoja zilikuwa na kilo moja na nusu, na nilipozipima hizo nilitoa kilo moja na nusu, tena bila kufikiri. Programu ilitaka niiambie kila kreti ni ya nani. Mfano mwingine ni majina. Nilihifadhi hesabu za wakulima kwa majina yao, na majina kama Mazengo na Lusinde yanajirudia sana kwetu Ugogoni. Wakulima wawili wenye majina yanayofanana jina la kwanza hadi la pili walikuwa wakiwekwa pamoja kama mtu mmoja. Kwenye daftari niliwatofautisha kwa kuwa niliwafahamu sura. Kwenye kompyuta ilibidi kila mkulima apewe namba. Kwa anayeanza, ningemwomba achukue karatasi na kuandika kazi yake hatua kwa hatua, kama anamwachia mgeni asiyejua chochote, kabla hajaandika mstari wowote wa programu. Karatasi yangu ilifika kurasa sita, na kila mara nilipoisoma niliona hatua niliyoiruka.

Nilipaswa kuiandika karatasi ile mapema zaidi, kwa sababu jambo ambalo halikuwamo ndilo lililoniumiza.

Msimu wa Februari wa mwaka wa pili niliamua kuiamini programu na kuacha kukokotoa kwenye daftari. Bei ilianza shilingi 1,200 kwa kilo. Wiki ya pili mnunuzi alishusha hadi 1,000, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na matunda yalikuwa yameanza kupasuka. Nilifungua programu, nikaenda kwenye mstari ulioandikwa bei, nikabadilisha 1200 kuwa 1000, nikahifadhi. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi na nilijisikia vizuri, kwa kuwa zamani badiliko kama hilo lilinichukua usiku mzima. Malipo yakafanyika mwishoni mwa wiki.

Jumatatu yake asubuhi alikuja bibi mmoja, mkulima wa siku nyingi, amebeba daftari la shule ambalo mjukuu wake humwandikia. Hakuja kwa hasira. Aliketi kwenye benchi, akalifungua kwenye magoti, akaweka kidole kwenye mstari na kusema, «Mwanangu, hizi za wiki ya kwanza ziliuzwa elfu na mia mbili. Hesabu yako imezisahau.» Alikuwa ameleta kilo 412 wiki ya kwanza na kilo 206 wiki ya pili. Kwa bei zake halali alistahili shilingi 494,400 na 206,000, jumla 700,400. Nilikuwa nimemlipa 618,000, yaani kilo zote 618 kwa bei ya 1,000. Zilipungua shilingi 82,400.

Nilielewa palepale, na mwili ukaniisha nguvu. Programu yangu ilihifadhi kilo tu. Bei ilikuwa mahali pamoja, na nilipoibadilisha, mashine ilipiga upya hesabu zote tangu siku ya kwanza kwa bei mpya. Haikukosea hata kidogo, ilifanya nilichoandika. Usiku ule nilirudia kila kitu kwa daftari la mizani, ambalo nashukuru tulikuwa bado tunaliandika. Wakulima 17 walikuwa wamelipwa pungufu, kilo 6,930 kwa tofauti ya shilingi 200, jumla shilingi 1,386,000. Fedha ilikuwepo kwenye akaunti ya kikundi, kwa kuwa mnunuzi alikuwa amelipa kwa bei sahihi, na ndani ya siku mbili kila mtu alipata haki yake. Lakini katika siku hizo mbili kulikuwa na watu walioamini kwamba nimeitumia kompyuta kuwaibia. Mwenyekiti alisimama upande wangu, akaitisha kikao, nami nikaeleza kosa hatua kwa hatua bila kuisingizia mashine. Kuna wawili ambao hadi msimu uliofuata walikuwa wakinisalimia kwa mbali.

Nilikaribia kuacha. Nilichokifanya badala yake ni kumwuliza yule kijana wenzangu wanaofanya kazi za fedha hutatuaje jambo hili, na jibu lilikuwa la zamani kuliko kompyuta: kila muamala ubebe bei yake na tarehe yake, na kilichokwisha kuandikwa kisifutwe, kukiwa na kosa, huandikwa mstari mpya wa kusahihisha. Nilifundishwa hivyo hivyo nilipokuwa nasomea cheti cha hesabu. Nilikuwa nimeiacha elimu yangu mlangoni nilipoingia kwenye kompyuta, kana kwamba humo kuna kanuni nyingine. Nikaiandika programu upya, safari hii nikihifadhi kumbukumbu kwenye SQLite, hifadhidata ambayo huja pamoja na Python bila malipo na kuweka kila kitu kwenye faili moja. Fedha zote huwekwa kama shilingi kamili, na uzito kama gramu kamili, kwa kuwa kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbili tu, 0 na 1, na desimali nyingine haziingii sawasawa: ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa Python unapata 0.30000000000000004. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini mbele ya mkulima anayelinganisha na daftari lake sitaki tofauti yoyote.

Pia nilianza kuijaribu programu kabla ya kuitumia. Nilichagua wakulima watatu wa msimu uliokwisha, mmoja wa kawaida, mmoja aliyeleta zabibu kwa bei mbili, na mmoja aliyetumia kreti za aina mbili, ambao malipo yao nilikuwa na uhakika nayo kwenye karatasi. Kila ninapobadilisha hata mstari mmoja, naendesha hesabu za hao watatu kwanza. Zisipolingana, siendelei. Laiti ningekuwa na huyo wa bei mbili mwezi Februari.

Umeme ulikatika mara nyingi, na mara moja nilipoteza kazi ya siku nne. Tangu hapo nina nakala kwenye flashi inayokaa nyumbani na nyingine kwenye barua pepe yangu.

Kuhusu muda, nilijifunza kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, siku tano kwa wiki, kwa kuwa jioni kichwa kilikuwa kimechoka na watoto walinihitaji. Tangu siku niliyoshika Python hadi programu ya kwanza inayofaa kazi ilipita miezi tisa, na hadi ile ninayoiamini leo, mwaka mmoja na nusu. Nikijumlisha kituo, nauli, kompyuta, betri mpya na bando, nimetumia zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili. Kama ningeanza na kompyuta ileile, lugha moja na kurasa zile sita za karatasi, nadhani nusu ya fedha hiyo ingebaki mfukoni.

Msimu wa Agosti, kabla ya malipo yoyote, nilimwomba yule bibi aje na daftari lake. Tuliketi kwenye benchi lilelile, mjukuu akisoma upande wao, nami nikisoma upande wa skrini, mstari kwa mstari, tarehe, kilo, bei. Zililingana zote. Bibi alifunga daftari, akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa nini karatasi ninayowachapia haionyeshi uzito wa kreti uliotolewa, maana mkulima anaona kilo zimepungua na hajui zimekwenda wapi. Ilikuwa haki yake kuuliza, na sikuwa nimewahi kulifikiria. Safu hiyo ndiyo ninayoiandika wiki hii.